Kapeti la Jukwaani

Fundi wa taa alikuwa juu ya ngazi, akikaza taa ya mwisho, aliposikia waigizaji wakicheka chini yake. Walikuwa wakifanya mazoezi pekupeku, na dada wa mkewe, aliyeigiza malkia, alikuwa amegoma kutoka sehemu moja ya kapeti.

"Sogea, malkia. Kiti chako kiko kule."

"Siendi! Hapa pana joto tamu. Miguu yangu imepata mume."

Fundi hakucheka. Alishuka, akavua kiatu, akakanyaga pale. Kweli palikuwa na joto, na taa zilikuwa hazijawaka hata nusu.

"Shemeji, toka hapo."

"Wivu huo!"

"Toka, nakuomba."

Malkia alipomtazama usoni, akatoka.

Chini ya kapeti ulipita waya mwembamba, ule wa kuwashia redio na pasi nyumbani, ukibeba taa zote za jukwaa. Kanuni ilitaka kebo nene ya mpira, tena ipite wazi, isifukiwe. Meneja wa ukumbi aliijua kanuni hiyo. Lakini kebo ilikuwa imepanda bei tena, na hakutaka mgeni rasmi aone waya umetambaa jukwaani. Fundi alikuwa amemlalamikia tangu Jumatatu.

Meneja aliingia wakati huohuo na mkaguzi wa umeme, ambaye bado alikuwa na chupa ya soda mkononi. Fundi alimfahamu vizuri. Ndiye aliyemfundisha darasa la jioni, miaka ile alipokuwa akitoka kibaruani na kwenda kusoma huku macho yanafumba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu! Umekuwa mtu mkubwa."

"Mwalimu, naomba uvue kiatu ukanyage hapa."

Mkaguzi alitazama kapeti, kisha akamtazama meneja.

"Mimi sivui viatu kazini."

"Basi nikufunulie uone."

"Hakuna kufunua kitu," meneja alidakia. "Mzee ameshapitisha. Muhuri umegongwa ofisini."

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha, mwalimu. Ulisema waya kama huu ukifukiwa utaiva kama kiazi."

Mkaguzi alimaliza soda yake polepole. "Darasani ni darasani," alisema kwa sauti ya chini. "Kazini kuna mambo mengine. Utakua, utayaona."

Akatoka. Hakuaga.

"Umeniaibisha mbele ya mzee!" Meneja alimfokea. "Watu wanaingia saa tisa. Washa taa zote tujaribu, au rudisha funguo, uende zako. Mafundi wamejaa mtaani."

Fundi aliwaza kodi ya nyumba na mkewe aliyekuwa mjamzito. Akafumba macho. Ee Mungu, alisema moyoni, naogopa. Usiniondolee woga kama hutaki, ila nipe mkono usiotetemeka.

Akaenda kwenye sanduku la swichi lililosimama ukutani hadi sakafuni, akazima swichi kuu. Ukumbi ukabaki na mwanga wa milango tu. Akakunja kapeti, akatoa koleo mfukoni, akaukata waya. Akaukata tena, na tena, vipande vya urefu wa kiganja ambavyo hakuna fundi angeweza kuviunga.

"Mwendawazimu! Umefukuzwa! Mlinzi, kimbia dukani, leta waya mwingine kama huo!"

"Alete," fundi alisema. Akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea mlango wa sanduku la swichi. "Nikitoka hapa ni kwa kubebwa."

"Nitawaita polisi."

"Waite. Waambie wavue viatu."

Malkia alikuja na gauni lake refu akaketi kushoto kwa shemeji yake. Aliyeigiza kipofu akafuata, kisha mpiga ngoma, kisha waliobaki, mpaka mlango wa sanduku ukawa hauonekani tena.

"Saa tisa nitawaambia watu nini?" meneja aliuliza, na sauti ilikuwa imempungua.

"Fungua milango na madirisha yote," malkia alimjibu. "Tutaigiza kwa mwanga wa jua. Tusipoonekana, tutapiga kelele."