Jiwe la Mpaka la Lohrenbach

Veit Rauh alikuwa wa mwisho katika Wale Saba. Tangu Waswidi walipouchoma mji wa Lohrenbach vitani, karne nne zilizopita, ukabaki ukuta na nusu ya kanisa, katika kila kizazi ni watu saba wa kiapo waliosimika mawe ya mipaka, na chini ya kila jiwe wakazika vigae kwa mpangilio walioujua wao tu. Jirani mlafi akihamisha jiwe, Saba walifukua, wakatazama vigae, na mwongo akaumbuka. Mpangilio ule haukuandikwa popote. Hata mke hakuambiwa.

Sasa sita walikuwa makaburini kando ya mto, na mji wenyewe ulikuwa njiani kuwafuata. Kiwanda cha viatu kilifungwa, treni ilipita bila kusimama, machimbo ya mawe yalijaa maji. Vijana walioombwa kula kiapo walicheka: siku hizi mitambo ya angani inapima kila kitu. Veit alikichukia kicheko kile, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hawakukosea.

Mwishowe aliyekubali kuapa ni Gunda, binti wa marehemu Burkard, mmoja wa wale sita. Asubuhi moja ya Novemba walipanda kilimani hadi kwenye jiwe la mpaka wa juu, Veit na sepetu yake ya kuondolea magugu kwenye mawe.

“Baba yako angetucheka,” alisema. “Saba wamebaki mmoja na nusu.”

“Nusu ni nani, mzee Veit? Maana anayehema hapa ni wewe.”

Veit akatabasamu. Akavua kofia, kama ilivyo desturi, akaanza. “Vigae ni vinne. Cha kwanza…”

Akaanza tena: “Cha kwanza…” Tangu alipougua majira ya baridi yaliyopita, majina ya watu yalikuwa yakimponyoka, lakini hili alijua halimtoki.

“Pumua kwanza,” Gunda alisema. “Hakuna anayetukimbiza.”

Akapumua. Halikuja.

“Si ufukue tu utazame?”

“Bila wenzangu sita ni kuvunja kiapo.”

“Wenzako wamekufa, mzee wangu.”

Veit akashika sepetu. Gunda alitaka kumsaidia, akamkatalia, kwa kuwa alikuwa hajaapa, na binti wa watu akageuka akautazama mji kule chini. Veit alichimba kwa pupa. Jiwe likainama, sepetu ikazama ghafla, na pakasikika mlio mdogo wa kitu kuvunjika.

Akapiga magoti. Vigae vilikuwa vimetawanyika kwenye tope, kimoja vipande viwili.

Alivipanga, akavipangua, akavipanga tena. Kila namna ilionekana ndiyo yenyewe, na hapo ndipo alipokata tamaa kabisa.

“Umekumbuka?” Gunda aliuliza bila kugeuka.

“Vigae hivi alivipanga baba yako kwa mkono wake,” Veit alisema. “Nimevivuruga.”

“Basi niambie vyovyote utakavyo. Nitaapa hivyo hivyo.”

Wema ule ulimliza. Akavifukia vigae jinsi vilivyokuwa, wakaliinua jiwe wote wawili, akashindilia udongo kwa kiatu. Maisha yake yote alikuwa akiwaumbua waongo wa mipaka. Sasa jiwe la uongo Lohrenbach lilikuwa hili, na aliyelisimika ni yeye.

“Tangulia,” alimwambia Gunda. “Waambie wale vijana walete mitambo yao ya kupimia.”