Fungu la Kumi la Konsetina

Chama cha wakusanyaji wa konsetina pale mjini Bendigo kiliishi kwa vifo. Mwanachama akifariki, vinanda vyake hivyo vidogo vya kuvuta na kukunja vilinadiwa, na chama kikapata fungu la kumi. Mwaka huu hakufa mtu. Bima ya ukumbi ilidai dola mia tisa, na Merle, mweka hazina, alikuwa na themanini tu. Bila bima, chama kingefungwa.

Akaenda kwa Des, mwanachama mgonjwa wa mapafu, mwenye konsetina ishirini. Akaketi, asijue aanzie wapi.

“Mbona unanikagua kama kondoo wa mnadani?” Des akamtania. “Bima mwisho lini?”

“Ijumaa.”

“Loo! Hadi Ijumaa sitakuwa nimekufa, mama. Ziuze tu nikiwa hai.”

Des akaanza kuzipangusa moja moja, taratibu, kama mtu anayewaogesha wanawe. Merle akashindwa kuzichukua.

“Bima nimeshalipa, bwana wee. Nimekuja kukusalimu tu.”

Des akashusha pumzi, akakumbatia ile aliyoishika. “Basi mkutano ujao nilete ipi?”

“Yoyote,” Merle akasema, akainama kumfunga kamba za viatu ili asimwone uso.