Mwaka Omollo Alipokataa Kufa

Chini ya neno Matatizo, Chemutai alikuwa amejaza kurasa nne. Chini ya neno Mafanikio hakuwa ameandika hata nukta.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, Chelimo akinyonya upande wa kushoto, daftari likiwa juu ya goti lililobaki huru. Kila mtoto alipovuta, mstari nao ulipanda kilima.

"Andika kwamba ulijaribu," alisema mumewe, Kipngeno, akivua gambuti mlangoni. Alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai kituoni na shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Kujaribu si mafanikio, Baba Chelimo. Ni kama kusema ng'ombe wangu karibu atoe maziwa."

"Basi andika watu walicheka."

"Walicheka mahali pa kulia!"

Kipngeno akaenda kujitafutia chai mwenyewe. Alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa hasira, lakini kwa mwaka huo wa tisini na tano alikuwa amepata mazoezi ya kutosha.

Ripoti ilikuwa ya saa nane. Saa nane kamati ya ukumbi wa soko la Kiptere, ambao kila mtu aliuita holi, ingekaa kuamua Jumamosi za mwaka ujao ni za nani. Tangu Januari zilikuwa zake. Alikuwa ameziomba akiwa na mimba ya miezi minane, akapewa, labda kwa huruma, ili afanye michezo ya kuigiza aliyoitunga mwenyewe. Si michezo ya kanisa, si ya shule, wala hakutumwa na mtu. Sasa Okeyo alikuwa amenunua televisheni, mashine ya video na jenereta, na alizitaka Jumamosi zote. Na Chemutai alijua kwamba akizikosa, kikundi kimekwisha. Siku nyingine watu wanachuma chai hadi jioni. Jumapili wako kanisani. Asingeweza kuwafundisha watu kuigiza kwenye zizi la ng'ombe wa baba mkwe wake.

"Waandikie ripoti," Mwalimu Nyamwange wa darasa la jioni alikuwa amemshauri. "Lengo, Mafanikio, Matatizo. Kamati inaheshimu karatasi."

Lengo lilimchukua mistari miwili. Alitaka watu wa Kiptere wajione wenyewe wakiwa wamekaa kwenye benchi. Lakini mafanikio angeyatoa wapi? Kwa Omollo?

Omollo alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni, mtu wa kutoka ziwani, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Katika mchezo wa kwanza, ule wa Aprili, alipewa nafasi ya baba anayefariki mapema, halafu wanawe wanagombania shamba na kumfukuza mama yao. Kwa wiki tatu za mazoezi alikuwa akisema, "Hapo nitakufa, usijali." Siku yenyewe ilipofika, holi limejaa pomoni, meza ya kumlaza imefunikwa blanketi, akamvuta Chemutai nyuma ya pazia.

"Nyathina, mtoto wangu, mimi sifi."

"Ati nini?"

"Nina watoto saba, na kule kwetu sijajenga. Mtu ambaye hajajenga kwao halali kwa sanduku, hata kama sanduku ni meza."

"Lakini mzee, si ni mchezo!"

"Wewe unajua ni mchezo. Mimi najua ni mchezo. Kifo kinajua?"

Joab, karani wa kituo cha majani aliyekuwa kitinda mimba katika mchezo, ikabidi atoke mbele na kutangaza kwamba baba amesafiri kwenda Mombasa. Basi wana wakaanza kuvutana mashati kwa ajili ya shamba la mtu aliyepanda basi juzi. Hata dakika mbili hazikuisha kabla ya mama mmoja kupaza sauti kutoka benchi la tatu, "Si mumngoje arudi!" Holi zima likapokea: mngoje arudi, mngoje arudi. Omollo naye, aliposikia anavyotakiwa, hakuweza kuvumilia. Akatokea na begi begani, akasalimia kila mtu, akaitisha uji. Alipigiwa makofi hata vumbi likashuka kutoka darini. Mjane, ambaye ndiye mchezo uliandikwa kwa sababu yake, hakupata kusema neno hata moja.

Chemutai alilia siku hiyo. Kipngeno alifikiri ni furaha.

Akajiambia, mchezo wa pili hautakuwa na maiti. Akaandika juu ya mume na mke waliogombana miaka mingi, mwishowe wanashikana mikono. Joab akawa mume. Ayoo, aliyeuza samaki wa omena sokoni, akawa mke, na alikuwa na macho ya kuigiza, hata kunyamaza kwake kulisema. Mwezi mzima wakafanya mazoezi vizuri. Wiki ya mwisho, Joab, bila kumwambia mtu, akapeleka mahari kwa dada yake Ayoo na kuchumbia binti wa pale.

"Mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na huyu sasa ni mkwe wangu," Ayoo akasema, khanga imefunika nusu ya uso. "Nimtazame machoni? Nimshike mkono mbele ya watu? Wololo, hapana."

"Joab, hukuweza kungoja Jumamosi moja?"

"Mapenzi hayangoji mchezo, Mama Chelimo," Joab akajibu, na aliona amesema jambo la maana.

Hakukuwa na mtu mwingine aliyeyajua maneno. Kwa hiyo mume akasimama karibu na mlango, mke karibu na dirisha, wamepeana migongo kama mbuzi wenye ugomvi, na kila mmoja akazungumza na kiti kilichokuwa katikati. "Wewe kiti, mwambie mwenye nyumba chakula kimepoa." "Kiti, mjibu aliyechelewa ndiye aliyekipoza." Chemutai alikaa nyuma, mtoto mgongoni, akitamani ardhi impokee. Wanawake benchini walikuwa wakipigana viwiko na kunong'ona, "Kwangu ni hivyo hivyo." Yeye hakusikia. Alikuwa akihesabu maneno yake mazuri yaliyokuwa yakienda kwa samani.

Na wa tatu, Septemba! Huo aliuandika hauna kifo, hauna mke, hauna hata mapenzi: ni majirani wawili na mpaka wa shamba. Ulikuwa uanze saa saba. Lakini lori la majani lilichelewa, watu wote wakawa kituoni na vikapu vyao wakingoja kupimiwa, na mchezo ukaanza saa tisa. Anayeijua Kericho anajua saa tisa ni saa ya nani. Mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati kana kwamba mtu amemwaga kokoto kutoka mbinguni. Kwa muda wa saa moja waigizaji walifungua midomo na kuifunga kama kuku wanaokunywa maji. Hakuna aliyesikia hata silabi. Hakuna aliyeondoka pia, lakini ungeondoka uende wapi?

"Saa nane inakaribia," Kipngeno akasema.

Chemutai akatazama ule ukurasa mweupe, akafunga daftari. Liwe liwalo.

Ayoo alimpokea Chelimo nje ya holi. Ndani, kamati ya watu watano ilikuwa nyuma ya meza. Mwenyekiti, Mzee Kipkosgei, alikuwa na kofia mapajani. Monicah mwenye duka la nguo ndiye aliyeandika kumbukumbu. Makori, muuza nyama aliyetoka upande wa Chepilat, alikuwa na harufu ya kazi yake. Wale wawili waliobaki walikuwa wazee wa kukubali kwa kichwa.

Okeyo alisimama kwanza, koti limepigwa pasi.

"Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Huyu mama tunamheshimu. Lakini video haikatai kufa. Kwa video watu kumi wanakufa kabla hujafungua soda. Video haina mama mkwe. Na mvua ikinyesha, inyeshe tu, kwani Kichina cha zile filamu nani alikuwa anakisikia?"

Wazee wawili wakacheka hadi mmoja akakohoa. Chemutai akafungua daftari.

"Mama Chelimo, soma," Mzee Kipkosgei akasema.

Akasoma. Alisoma Lengo, akaruka Mafanikio, akaanza Matatizo kwa sauti iliyotetemeka, kisha, kadiri alivyosoma, kero ya mwaka mzima ikampa nguvu na sauti ikakaza. Alikuwa amefika mahali ambapo baba anasafiri kwenda Mombasa, Makori alipomkata kalima.

"Samahani. Mimi tangu Aprili nimetaka kusema. Wale vijana walikuwa na haki. Mzee amekaa tu na shamba, hagawi, anazurura Mombasa..."

"Haki gani?" Mzee Kipkosgei akageuka na kiti chake. "Shamba la mtu anayepumua?"

"Kwani ugawe ukiwa kaburini, mzee?"

"Makori, unaongea juu ya mchezo ama unaongea juu yangu?"

Kila mtu alijua wana wa Kipkosgei walikuwa watu wazima wenye ndevu na hati ya shamba ilikuwa bado chini ya godoro lake. Monicah akaweka kalamu chini. "Ninyi mnabishania shamba," akasema, "na mama je? Yule mama alikaa pale mbele saa nzima, hakuna aliyemuuliza atalala wapi. Nilirudi nyumbani nikakosa usingizi."

Chemutai aliinua uso kutoka kwenye karatasi.

"Mwenyekiti," Okeyo akasema, "turudi kwa video."

"Ngoja kwanza," Mzee Kipkosgei akasema. "Ile video yako uliyotuonyesha Ijumaa, wale Wachina walikuwa wanapigania nini?"

Okeyo akafikiri. "Mmoja aliua mwalimu wa mwingine."

"Na shamba lilikuwa la nani?"

"Mzee, hakukuwa na shamba."

"Hakukuwa na shamba!" Mzee Kipkosgei akarudia, akiwatazama wenzake mmoja mmoja kama mtu aliyeletewa chai bila maziwa.

Haikuchukua muda mrefu baada ya hapo. Okeyo akapewa Ijumaa jioni na Jumapili baada ya kanisa. Jumamosi zikabaki kwa Chemutai, mwaka mzima. Alikuwa amefungua kinywa kushukuru, Mzee Kipkosgei alipoinua kidole.

"Lakini tunataka mambo yaende vizuri safari hii. Kwa hivyo kila mwanakamati atachagua nafasi yake kwa mchezo. Mimi nitakuwa chifu."

"Mimi daktari," Monicah akasema upesi. "Nguo nitaleta mwenyewe."

"Mimi pia chifu," Makori akasema.

"Machifu wawili haiwezekani."

"Wa lokesheni nyingine."

Wale wazee wawili, waliokuwa hawajatamka neno tangu kikao kianze, nao wakasema wangependa kuwa machifu, au angalau wakubwa wa polisi.

Chemutai alisimama pale, Jumamosi zake zikiwa mkononi kama yai. Neno moja tu lilihitajika, asante, na angeenda nyumbani. Aliwatazama machifu wanne na daktari mmoja. Aliona mwaka mzima mwingine ukija, na ndani yake hakuna mwizi, hakuna mlevi, hakuna mtu wa kukosea jambo lolote.

"Hapana, mzee," akasema.

"Hapana nini?"

"Nafasi nitagawa mimi. Atakayepewa kuiba ataiba. Atakayepewa kufukuzwa na wanawe atafukuzwa." "Kama hamtaki, Okeyo achukue Jumamosi."

Okeyo akakaa wima. Monicah alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaitazama kofia yake, akaigeuza upande huu na upande ule. Mtu hamwambii Mzee Kipkosgei hapana mbele ya watu, tena msichana aliyeolewa juzi.

"Na mimi," akauliza hatimaye, pole pole, "unafikiri utanipa nini?"

"Sijui bado. Sijakuona ukiigiza."

Makori alijaribu kuzuia kicheko, kikampitia puani. Mzee Kipkosgei hakucheka. Alimwomba Monicah kalamu, akalamba ncha yake ingawa ilikuwa ya wino, akafungua kiganja.

"Mazoezi ni saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi. Anayechelewa hapati neno."

Akaandika tano katikati ya kiganja, akakipuliza kikauke.

Nje, Ayoo alikuwa akizunguka uani na mtoto aliyekuwa amekunja uso kwa kilio. "Huyu binti yako amenitukana kwa lugha zote," akasema. "Wamekupa?"

"Wamenipa," Chemutai akasema, akaketi kwenye ngazi ya holi na kufungua vifungo vya blauzi. "Mungu wangu, Ayoo, wamenipa. Na wote wanakuja."