Nyundo na Namba ya Paji la Uso

Wodini walimwita Nyundo, na jina hilo alilivaa kama nishani. Kwa miaka ishirini na miwili, moyo wa mgonjwa ukisimama, aliyeitwa kubonyeza kifua ni yeye. Kisha kikaja kile kibandiko cha paji la uso, na skrini yake inayoonyesha kwa namba oksijeni inavyoufikia ubongo, na muuguzi mgeni, msichana aliyesomea kuisoma. Siku hizi macho yote yalikuwa kwenye skrini. Mikono ya Nyundo hakuna aliyeitazama, na donge likamkaa rohoni.

Asubuhi hiyo moyo wa fundi viatu, kitanda cha tatu, ulisimama. Nyundo akapanda kistuli, akaanza kubonyeza.

“Ishirini na sita,” msichana akasoma.

“Mashine yako ina homa.”

Dakika mbili zikaisha, wakapokezana. Msichana mwembamba kama ufito akabonyeza, daktari akasoma: thelathini na tisa. Nyundo alijiona kama aliyezabwa kofi mbele ya wakwe. Akaomba kimoyomoyo namba ishuke. Hapo hapo aibu ikamshika, maana kuomba hivyo ni kumwombea fundi kifo, na mkewe yuko nje ya mlango, kakumbatia koti la mumewe.

Zamu yake ikarudi. Ishirini na saba.

Angeweza kunyamaza. Fundi angekufa, na hakuna ambaye angemlaumu Nyundo.

“Binti,” alisema bila kumtazama, “wewe unafanyaje?”

“Ukishabonyeza, mzee, unamlalia. Kifua hakiinuki, damu hairudi moyoni. Mwachie kila mara.”

“Yaani miaka yote hii nawalalia watu?”

“Hesabu utapiga baadaye. Mwachie.”

Akamwachia. Thelathini na nne. Arobaini na moja. Roho yake ilifurahi kwanza kwamba kampita msichana, ndipo ikamkumbuka fundi. Ghafla namba ikaruka hadi sitini: moyo ulikuwa unapiga wenyewe.

“Nyundo ni Nyundo tu,” daktari akasema, akimpiga begani. Msichana alivua glavu zake.

Sifa ilikuwa tamu. Nyundo akaimeza nusu. Nusu ya pili ikamkwama.

“Kanifundisha huyu,” akasema, akimwonyesha kwa kidevu. “Leo hii.”

Kisha akawahi mlangoni kumpa mke wa fundi habari, maana hapo, angalau hapo, hakutaka msichana amtangulie.