Kutwa Mara Mbili

"Choo changu leo cheusi tii," mkewe alisema akitoka msalani, ameshika ukuta. "Kama lami. Kinanata."

Alilisema hivi hivi tu, kama mtu anayetoa habari za mvua, kisha akaenda kuketi kwenye cherehani yake ya kukanyaga. Lakini mumewe, aliyekuwa anakunywa chai, aliweka kikombe chini. Alijua papo hapo kwamba kama kuna aliyemfikisha mke wake hapo, basi ni yeye mwenyewe.

Watu walimwita Nukta. Miaka thelathini na mmoja alikuwa msahihishaji wa prufu, zile nakala za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, na kustaafu hakukumtoa ugonjwa huo. Alisahihisha kadi za harusi alizoletewa, akasahihisha risiti za dukani, na safari moja alimrudishia mfiwa tangazo la msiba kwa sababu ya koma. Watu walimcheka, naye aliona fahari.

Wiki tatu nyuma mkewe alirudi kutoka zahanati na vidonge vya maumivu. Magoti yalikuwa yamemshinda. Baridi yabisi ilikuwa imeyavimbisha hata kukanyaga cherehani ikawa adhabu, na sare za shule alizoahidi zilikuwa zimelala kapuni bila mikono. Bahasha ya dawa iliandikwa kwa mkono: *Kidonge 1, kutwa mara 2, baada ya kula.*

Mtu mwingine angeisoma na kuendelea na maisha yake. Nukta alivaa miwani.

"Hawa hawajui lugha," alisema. "Kutwa ni mchana, mama watoto. Jua lichomoze mpaka litue. Ndiyo maana tunasema mchana kutwa, usiku kucha. Sasa wamekuandikia mchana mara mbili, wakasahau usiku. Maumivu yanalala, kwani?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na usiku mara mbili. Ni mantiki tu."

Akachukua kalamu nyekundu, akaongeza kwenye bahasha: *na kucha mara 2.* Mkewe akanywa vinne kwa siku, vile vya usiku tumbo tupu, maana nani anaamka kula usiku wa manane? Siku ya nne alikanyaga cherehani kutoka asubuhi hadi jioni huku akiimba. Nukta alijipongeza kimoyomoyo.

Sasa alisimama chumbani na ile bahasha mkononi, akitoa karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani yake. Hakuwa ameisoma. Yeye, aliyesoma hata maandishi ya kwenye viberiti, hakuwa ameisoma kwa sababu tayari alikuwa na jibu. Herufi zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha. *Usizidishe kipimo. Usichanganye na aspirini au dawa nyingine za jamii hii. Ukipata choo cheusi kama lami, acha dawa, nenda hospitali mara moja.*

Aspirini! Mkewe alizimeza kila kichwa kilipomgonga, na juzi ni yeye Nukta aliyempelekea mbili na glasi ya maji.

"Vaa viatu, twende hospitali," alisema.

"Niende, na sare za watu nimwachie nani? Zimebaki saba." Mkewe alisimama kuchukua uzi, akayumba, akaishika cherehani kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Kizunguzungu tu," alisema. "Nimeinuka haraka."

Nukta hakubishana. Alimvalisha viatu yeye mwenyewe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu waoane, na kamba zikamshinda kufunga.

Ndani ya teksi alishika mkono wa mkewe. Ulikuwa baridi. Aliogopa atakufa, aliogopa sana, na chini ya woga huo kulikuwa na woga mwingine wa aibu tupu: kwamba daktari atauliza, na yeye atalazimika kujibu. Atasemaje? Kwamba alisahihisha dawa? Watoto wao watasikia. Kiwandani watasikia, nao hawatacheka tena. Msimcheke na ninyi. Kuna watu wamekufa na siri ndogo kuliko hiyo midomoni mwao.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa mtoto wao wa mwisho. Aliwaamkia kwa adabu, akamketisha mama kitini, akafungua daftari.

"Dawa za magoti unakunywaje, mama?"

Mkewe alimtupia Nukta jicho la haraka. "Kama ilivyoandikwa," alijibu.

"Kimoja mara mbili kwa siku, baada ya kula?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na hicho choo, ni cheusi sana?"

"Kidogo tu. Labda ni vile vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki."

Daktari alitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, hivyo hubadilisha rangi. Basi tuviache vya magoti kwanza, nikupe dawa ya tumbo, urudi keshokutwa tuone."

Nukta alielewa kinachotendeka. Mkewe alikuwa anamsitiri. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, na mwanamke huyu alikuwa tayari kurudi nyumbani na damu tumboni ili mumewe asiaibike mbele ya binti mdogo. Kalamu ilikuwa inakimbia kwenye daftari. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kingekuwa nyumbani kwake.

"Si kweli," alisema. "Anakunywa vinne. Viwili vya usiku bila chakula. Na aspirini juu yake. Choo kinanata, na asubuhi nusura aanguke. Mimi ndiye niliyemwambia." Akaweka bahasha mezani, maandishi mekundu juu.

Daktari aliisoma mara moja. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alishika mkono wa mgonjwa, akapima mapigo, akafunua kope lake la chini na kulitazama, kisha akafungua mlango na kuita machela.

Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda mbio na Nukta akabaki nyuma. Sindano, maji ya mshipani, mtu wa kupima kundi la damu. Alikaa kwenye benchi la korido saa tano nzima. Aliomba, akasahau alichoomba, akaanza upya. Kila kiatu kilichopita aliona kinamjia yeye.

Daktari alikuja alasiri. Kidonda tumboni kilikuwa kinavuja, alisema, sasa kimetulia, ila kuhusu usiku wa leo hawezi kuahidi lolote. "Hizi dawa hazina ubaya, mzee. Kidogo kinachotosha, pamoja na chakula, bila kuchanganya. Ila yeye asiziguse tena. Magoti tutamtafutia njia nyingine, taratibu."

Mkewe alikuwa amelala, mfuko wa damu ukining'inia juu yake. Alifumbua macho.

"Nisamehe," Nukta alisema. "Ujuaji wangu."

"Ujuaji gani?" alisema kwa shida. "Nilimuuliza muuza dawa wiki ile ile. Aliniambia ni viwili tu, mchana na usiku wake."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini kwa vinne nilikuwa natembea, baba. Nilikuwa nashuka ngazi bila kukushika bega. Wewe ulinipa kisingizio, basi nikakichukua."

Nukta alidhani amekuja kuubeba mzigo wa kosa lake, kumbe kosa lilikuwa na wenyewe wawili, na mmoja wao bado alikuwa na maumivu.

Mkewe alijaribu kukunja goti chini ya shuka, akakunja uso. Kisha akauliza, taratibu, bila kumtazama:

"Nyumbani vimebaki vingapi?"

Vilikuwa kumi na vinne.

"Vimekwisha," Nukta alisema, na akainuka haraka aende kuvitupa kabla mkewe hajarudi nyumbani.