Mahali pa Kupisha

Kwa siku nne nilikaa kwenye jiwe karibu na soko la Migwani, daftari magotini, nikihesabu watu. Njia ya miguu niliyoichora mwenyewe, kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuoni, ilikuwa imemalizika mwezi uliopita: mita mia nne za saruji kutoka sokoni hadi zahanati, vyuma upande wa barabara ili malori yasimguse mtu, na waya upande wa maduka ili bodaboda wasiegeshe. Ilikuwa safi. Ilikuwa pia tupu. Watu walipita barabarani, malori yakiwapigia honi.

Injinia Nyamai, mkubwa wangu, alikuwa amenipa hadi Ijumaa nieleze kwa nini.

"Wakiikataa, tunang'oa vyuma, tunafanya maegesho ya magari," alisema. "Na usilie, Kanini. Hata daraja langu la kwanza lilivukwa na mbuzi peke yao."

Sikulia mbele yake.

Alhamisi asubuhi mama mmoja aliingia kwenye njia yangu na mfuko wa ndengu kichwani. Niliinuka kwa furaha. Alienda hatua hamsini hivi, akasimama ghafla, akageuka na kurudi mbiombio hadi mwanzo wa vyuma, akaingia barabarani. Lori la mchanga likapiga breki. Mfuko ukaanguka, ndengu zikatapakaa kwenye lami.

Nilikimbia kumsaidia kuokota.

"Mwaitu, umeumia?" nilimuuliza, kama tunavyowaita mama zetu.

"Roho tu ndiyo imeruka."

"Mbona umetoka? Njia ilikuwa wazi."

Alicheka, akaziba mdomo kwa leso, kisha akaelekeza kwa kidevu. Ndani ya njia, mwanamume mwenye futi ya kushonea shingoni alikuwa ametupa mgongo, akisoma bango la dawa ya ng'ombe kana kwamba ana mtihani.

"Yule fundi Mulwa ameoa binti yangu," alinong'ona. "Nipite naye hapo bega kwa bega? Zamani mmoja wetu angeingia kichakani, mwingine apite. Sasa niingie wapi, niruke waya? Aliyejenga hii kitu hajaoa wala hajaolewa."

"Ni mimi, mwaitu."

Alinitazama kutoka viatu hadi nywele.

"Basi tutakuombea kanisani," alisema, na tukacheka wote wawili, ingawa masikio yangu yaliwaka.

Aliniambia jina lake ni Nthenya, na kwamba kila mtu sokoni ana mkwe mahali fulani kwenye njia ile.

Kilichoniuma ni kwamba nilijua. Tunaiita nthoni, ile heshima ya wakwe. Nikiwa mdogo nilimwona baba akiiacha njia na kuingia katikati ya mbaazi kila mama yake mama alipotokea, akingoja huko hadi nyanya apite. Lakini chuoni tulifundishwa kupima mabega ya watu wawili wanaopishana, nami nilipima mabega.

Ijumaa, mbele ya kamati ya mradi, watu saba, sauti yangu ilitoka ndogo sana hata mzee mmoja akaniomba nirudie. Nilirudia. Nikaomba tukate waya mahali kadhaa na kumwaga saruji kidogo pembeni, mtu aweze kujitenga.

Injinia Nyamai alicheka. "Niandike kwenye ripoti kwamba watu wanaogopa wakwe?"

"Injinia," nilisema nikiangalia meza, "mama wa mke wako akitokea katikati ya vyuma vile, wewe utafanya nini?"

Mzee aliyekuwa hasikii vizuri alisikia hilo. Alicheka hadi akakohoa.

"Ningerudi ndani ya gari," Injinia alisema mwishowe. Akavuta ramani karibu. "Nakupa miezi miwili. Maegesho yatangoja."

Jumatatu nilienda na Musyimi, fundi wa kuchomelea. Nilikuwa na ramani mpya: nafasi moja kila mita arobaini, sawasawa. Nthenya aliitazama, akaita wenzake watatu.

"Hapa mbele ya bucha, hapana, nzi," alisema mmoja.

"Karibu na kanisa weka mbili," alisema mwingine. "Jumapili wakwe wanatoka kama siafu."

"Na moja hapa kwangu," alisema wa tatu, mwuza maembe.

"Wewe unataka wateja, si heshima!"

"Mtu akipisha mkwe, si anaweza kununua embe akingoja?"

Waliendelea kubishana, Musyimi akasimama na mashine yake akiniangalia. "Tunafuata karatasi ama tunafuata hawa?"

Nilikunja ramani, nikatoa chaki, nikamfuata mwuza maembe hadi mahali alipotaka waya ukatwe.