Mrina Asali Hana Sauti

...na mkono wangu uko juu, kiganja wazi, na hakuna hata mmoja mezani anayejua nataka kusema nini, mchumba wangu amekunja uso anautazama mkono kama anavyowatazama wateja dukani kwake wanapomwambia miwani mipya inawaumiza kichwa, ananong'ona, "Unaomba maji? Mvua inanyesha? Unaapa?", natikisa kichwa, siapi mpenzi, siombi maji, nasema daraja limepasuka upande wa kushoto, tupite kulia, mmoja mmoja, tena pale tu joka linapotoa pumzi, ndivyo alivyoninong'oneza shemeji sikioni sasa hivi kwa sababu mimi ndiye niliyetangulia na mimi peke yangu ndiye niliyeuona ufa, maneno mepesi kabisa, mimi huyu ambaye umeme ulikatika ukumbini katikati ya harusi na nikaendelea kuchekesha watu gizani bila kipaza sauti mpaka jenereta ikawaka, lakini leo si mshereheshaji, leo ni mrina asali, na mrina asali hana sauti, mchawi alimnyang'anya kabla hadithi haijaanza, wala kuandika hajui, imeandikwa hivyo kwenye kadi niliyoiokota mwenyewe ndani ya bakuli, na shemeji alipoisoma alicheka akashika ukuta, "Wewe? Hana sauti wewe? Basi leo tutalala mapema", maana shemeji, dada yake mchumba wangu, ndiye msimulizi wa mchezo, sisi wengine tumekaa tu kuzunguka meza ya chakula, kila mtu na mhusika wake, yeye anatusimulia tuliyoyakuta, tunamwambia tunafanya nini, anarusha dadu, dadu inaamua kama tumefaulu au tumekwenda na maji, karatasi iliyochorwa kwa kalamu ya rangi ndiyo pango na vifuniko vya soda ndio sisi, changu cha manjano, cha mchumba wangu chekundu, amebeba taa ya kijiji kizima na ikizimika tumekwisha, na kile cha kijani, kilichonyooka sawasawa na mstari kana kwamba kimepangwa kwa rula, ni cha baba yao.

Baba yao, ambaye hakutarajiwa kucheza leo, jirani wetu muuguzi aliitwa kazini ghafla na nafasi ikabaki wazi, mchumba wangu akasema bila kufikiri, "Baba, njoo ukae hapa", na mzee akaja akakaa, akachagua kuwa askari wa zamani, akaweka mikono mezani, na tangu hapo amesema "Nangoja" na "Napita" na basi, na mimi moyo ulishuka mpaka kwenye soksi kwa sababu nilikuwa nimeahidi, leo baada ya mchezo nitamwomba binti yake, nimejipangia hotuba, ina utangulizi, ina kiini, ina utani mmoja wa heshima, nimeisema mbele ya kioo mpaka kioo kimechoka, lakini huyu ni mtu ambaye siku ya kwanza tulipokula naye niliogopa, na mimi nikiogopa naongea, wengine hutoka jasho, mimi hutoka maneno, nikamsimulia bwana harusi aliyezimia, keki iliyomwangukia mama mkwe, bei za kumbi, hali ya hewa, nikarudi tena kwenye keki, yeye anatafuna, akamaliza, akanawa, akafuta kidole kimoja kimoja, akamgeukia binti yake na mimi nimekaa pale pale, akasema, "Kijana anaongea", akaondoka, vile mtu anavyosema gari linatoa moshi... na tangu siku hiyo kila nikija ni yale yale, yeye yuko barazani kwenye kiti chake, namwona ameniona, kabla sijafunga geti ameshainua mkono, kiwiko kimekunjwa, kiganja kinapita karibu na sikio kwenda nyuma, mara moja, mara mbili, nani asiyeelewa, pita huko, zunguka nyuma, basi nazunguka, shikamoo yangu naitupia kwenye kona ya ukuta na kuingia kwa mlango wa jikoni, nalijua jiko lile kuliko la kwetu, najua kigae kipi kinacheza na sufuria ipi haina mfuniko, shemeji ananiita mgeni wa masufuria, na mimi nacheka nao, lakini inauma, mtu anataka kuingia katika nyumba kwa mlango wa mbele...

"Dadu imetoka mbili," anasema shemeji, na sauti yake imeshuka, anajua kazi yake huyu, "joka limegeuza sikio. Bado limelala, lakini linasikiliza. Kuanzia sasa sauti yoyote hapa mezani ni sauti pangoni. Hata kikohozi", na mchumba wangu anafunga mdomo katikati ya neno, na kimya kinaanguka, friji inanguruma jikoni, kwa jirani mtu anaburuta meza, na mimi kimya nakiogopa, kazini kwangu kimya maana yake waya umechomoka, watu wote wanageuza shingo kumtafuta fundi, na mimi ndipo ninaporuka na neno lolote, lolote tu, habari za mliokaa nyuma, mmekula, na hapa siwezi, maneno yamejaa mdomoni kama karanga na sina pa kuyatemea, mkono bado uko juu, wa nini, sijui, umebaki tu... na kiti kinasogea taratibu, ni mzee, anasimama, anavuta shati lake chini kwa mbele kana kwamba pana mkanda pale, ananitazama, si usoni, mkononi, ananyoosha vidole viwili kwenye karatasi, upande wa kushoto wa daraja, anavitikisa, pabaya, naitikia kwa kichwa, anavipeleka kulia, naitikia, anainua kidole kimoja, mmoja mmoja, naitikia, naitikia, karibu kichwa kitoke, halafu anaweka kiganja kifuani, anakiinua polepole, anakishusha polepole, ananyanyua nyusi kuniuliza, joka likishusha pumzi, ndipo, siyo, na neno "Ndiyo Baba" linanifika kwenye meno nalishika hapo hapo kwa mdomo, nalimeza lote, yote ameyaelewa, yote, ndani ya muda ambao mchumba wangu wa miaka miwili alidhani naapa.

Lakini bila shaka, najiambia, bila shaka, askari wa trafiki huyu, mtu amesimama maisha yake yote ya kazi katikati ya njia panda, malori huku, pikipiki kule, honi kila upande, nani angemsikia hata angepiga kelele mpaka akauke koo, huyu alikuwa akiongea kutwa nzima, anaongea na mji mzima kwa mkono, nenda, ngoja, wewe mama mwenye mtoto vuka, wewe wa nyuma acha papara, halafu anastaafu, anakabidhi kofia, anarudi nyumbani kukaa na watu kama mimi wanaoongea kwa mdomo... anasogeza kifuniko chake cha kijani kulia kwa daraja, shemeji anarusha dadu juu ya kitambaa isilie, anatikisa kichwa kukubali, mzee amevuka, yuko ng'ambo, anageuka, sasa ni zamu ya mwenye taa, na mzee anamtazama binti yake, anasubiri joka, anasubiri, anainua mkono, kiwiko kimekunjwa, kiganja kinapita karibu na sikio kwenda nyuma, mara moja, mara mbili, na ni ile ile, ni ile ya barazani, sasa atazunguka, sasa binti atarudi nyuma na taa yetu, lakini mchumba wangu hajafikiria hata kidogo, kidole chake kimeshasukuma kifuniko chekundu moja kwa moja, kwa baba yake, kama mtu aliyeitwa na mkono huo tangu anajifunza kutembea, na mzee anaupokea ule ujio kwa kichwa, vizuri, na hakuna mezani aliyeshangaa ila mimi.

Njoo, maana yake njoo, miezi yote ile alikuwa akiniita, njoo hapa, njoo nilipo, na barazani pana kiti cha pili, nimekiona mara ngapi kiti kile, nikadhani ni cha kuwekea miguu, na mimi kila akiniita nakata kona kwenda kwenye masufuria, sasa yeye aliwaza nini, kijana ana maneno ya kulisha ukumbi mzima lakini ukimkaribisha kiti anakimbilia jikoni, na bado wiki iliyofuata anauinua mkono tena, hakukata tamaa, kila wiki, na "Kijana anaongea", labda hata hilo halikuwa tusi, labda ni taarifa tu, vile alivyoripoti redioni kwa wakubwa wake, magari yanatembea, njia iko wazi... na kicheko kinanipanda kutoka tumboni, kikubwa, hakina pa kutokea, joka linasikiliza, mabega yanatikisika, machozi yananitoka, mchumba wangu ananiuliza kwa macho, una nini, nitakwambia, nitakwambia yote, ngoja tuvuke, sijawahi kufurahi namna hii nikiwa nimefunga mdomo.

"Mrina asali," shemeji ananong'ona, yeye anaruhusiwa, "wenzako wamevuka. Umebaki peke yako. Unafanya nini?", na hotuba yangu, sijui iko wapi, naupapasa utangulizi siupati, na badala yake mkono wa kushoto umetoka wenyewe chini ya meza, unaonyesha kifuniko chekundu, unaonyesha changu, vidole viwili vinakutana, kisha unafunguka mbele ya mzee, na nyusi zangu zimepanda, mtu angeweza kusema mrina asali anauliza kama amfuate mwenye taa, lakini mzee ameacha kutazama mkono, ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza ananitazama usoni, na mchumba wangu ameshika mdomo wake, kumbe naye ameelewa, hilo ameelewa, na mzee hana haraka, amezoea watu wamngojee, anatazama kulia, anatazama kushoto, friji imenyamaza, joka limevuta pumzi halijaitoa, mkono wangu wa kulia bado uko juu umeshikwa na ganzi na hata usiku ukiingia nitauacha hapo hapo, na mzee anainama juu ya karatasi, kwa kidole kimoja anakisogeza kifuniko chake cha kijani pembeni, kidogo, tena kidogo, mpaka kati yake na binti yake panabaki nafasi ya kifuniko kimoja, anaipima kwa jicho, anaisawazisha...